Mkate Uliomkwama Shangazi Zena

Usinikunjie uso kabla sijafungua mdomo. Nawajua nyinyi wa siku hizi: mtu akisema neno moja mmeshatoa simu kulitafuta, na lisipoonekana kwenye simu basi halikuwako. Hili halimo humo. Ukiona huliamini, acha hapa hapa ukatazame mengine. Mimi sikuitwa na mtu kuja kuapa. Tena nakwambia mapema kwamba majina nimeyageuza yote. Shangazi yangu hakuitwa Zena. Mtaa ninautaja Mkomani kwa sababu nyumba za Mkomani ni nyingi na hutajua ni ipi. Jina ni la uongo, kisa ni cha kweli. Kama hilo limekushinda tangu sasa, bado una kazi.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilipigwa kofi kwa kusema jambo lililokuwa hivyo hivyo nilivyolisema. Aliyesema uongo, mbele ya macho yangu, akapewa mkono wa heri. Na alistahili kupewa. Miaka sitini na zaidi nimekaa na hayo mawili, na sasa najua namna ya kuyaeleza, ingawa shule yangu ni darasa la nne tu.

Nyumba ilikuwa ya bibi mzaa baba, ya mawe, ukuta wake mmoja umeshikana na nyumba ya jirani. Ndani, kwenye zile zidaka za ukutani, palikuwa na sahani za kaure na vikombe visivyotumika, na katikati pakasimama mrashi wa fedha wa bibi, ule wa kunyunyizia watu marashi katika harusi. Shingo yake ndefu, kichwa chake kama tumba la waridi lenye matundu. Mrashi ule haukuwa wa kwetu peke yetu kwa kazi. Kila aliyeoza mwana alikuja kuuazima, na bibi hakumnyima mtu. Ulihudhuria harusi nyingi kuliko mimi, na kila mara ulirudi.

Mfungo Saba wa mwaka ule, mwezi unaofuata ule wa Maulidi, mrashi haukuonekana.

Tuliutafuta. Tuliinua magodoro, tukamwaga gunia la mtama ukumbini, mama akaingiza mkono katika birika la maji ya kuogea hadi begani. Ilikuwa harusi imekaribia, harusi ya Shangazi Zena mwenyewe, mdogo wake baba, msichana wa miaka kumi na minane niliyelala naye kitanda kimoja. Mchumba wake alikuwa fundi wa nakshi za milango, kijana wa nyumba ya pili, ile tuliyoshikana ukuta. Zena alikuwa amemwona mara tatu kupitia tundu la dirisha, na mara zote tatu aliondoka pale dirishani akiimba. Wakati huo msichana alitakiwa alie akiambiwa anaolewa. Zena alijitahidi kulia, maskini, hakuweza.

Kwa vile ukuta ulikuwa mmoja, mama wa mchumba alisikia kila kitu. Bi Salama nitamwita. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha punda. Aliingia kwetu bila kubisha.

"Nasikia muna mwizi," akasema.

"Tuna kitu hakionekani," bibi akamjibu. "Mwizi hatujamwona."

"Kitu hakina miguu, Bi. Mimi siozi mwanangu nyumba yenye mwizi mpaka nijue mwizi ni nani. Leo mrashi, kesho vyombo vyangu. Tena huyo bibi harusi ndiye alalaye karibu na hizo zidaka."

Lilikuwa limesemwa. Zena alikuwa ameshika sindano na kofia aliyokuwa akiidarizi, na nikaona sindano imesimama. Basi tangu saa ile tulijua kilichokuwa hatarini: mrashi ulikuwa ni fedha tu, kitu cha kununulika, kilichokuwa kikiondoka ni harusi ya Zena na jina lake. Na katika Amu, yaani Lamu, ya wakati ule msichana aliyerudishiwa posa kwa wizi angezeekea kitandani kwa mama yake.

Bi Salama ndiye aliyetaka mkate.

Wasiojua, nawaeleza mara moja. Palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, Mwalimu Kombo, aliyejua kuusomea mkate. Alitwaa mkate wa mofa, ule wa mtama, ukaachwa siku mbili ukauke, akauandikia maneno kwa zaafarani, akausomea, ukamegwa kwa idadi ya watu waliotiliwa shaka. Mwenye haki anaumeza. Mwizi unamkwama. Na palikuwa na la pili, ambalo bibi alilisema mara tatu ili sote tusikie: mwenye kusema uongo na mkate ule ungali kinywani, tumbo litamvimba mpaka mji mzima ulione. Masheikh wengine walilikataza jambo hili, wakasema ni mambo ya watu tu. Waliulizwa? Hawakuulizwa. Mimi niliamini kama nilivyoamini kuwa bahari ina chumvi.

Siku ikawekwa, Jumanne baada ya adhuhuri. Pazia likatungikwa katikati ya ua. Upande mmoja wanaume: Mwalimu Kombo, Ami Athmani kaka yake mkubwa baba, na mjomba wa mchumba aliyekuja kushuhudia. Upande wa pili wanawake watano wa kula: bibi mwenyewe, mama yangu, mke wa Ami Athmani, Tima aliyekuwa akituchotea maji, na Zena. Bi Salama alikaa kwenye kiti kidogo mbele yao awatazame midomo. Wanaume hawakupewa kipande. Wanaume wa nyumba ile, kwa maelezo yao wenyewe, hawakuwa watu wa kutwaa mirashi.

Mimi sikuhesabiwa, kwani sikuwa nimebaleghe. Nikakaa chini karibu na pazia, nikafurahi kama mtoto aliyeletwa kutazama ngoma.

Bibi akala wa kwanza. Akameza, akafungua kinywa, Bi Salama akachungulia kama anayenunua mbuzi. Mama akameza. Mke wa Ami Athmani akameza akakohoa, akasamehewa kikohozi kwa kuwa alikuwa nacho tangu Maulidi. Tima akameza haraka mno hata Bi Salama akamwambia, "Polepole, we! Hiki si chakula cha bure." Kisha zamu ya Zena.

Zena akatia kipande kinywani. Akatafuna. Akatafuna tena. Taya zikasimama.

"Meza," akasema Bi Salama.

Zena hakumeza. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nikaona shavu limejaa upande mmoja na macho yake yako kwenye mkeka.

"Kuna nini huko?" Mwalimu Kombo akauliza nyuma ya pazia.

"Umemkwama," akasema Bi Salama, tena kwa sauti ya kusikilizwa na jirani wa saba. "Mkate umemkwama kooni. Nyote muko."

Na kweli, hata wewe kama ungekuwako ungeliona. Hakuna aliyezua. Bibi aliona, mama aliona, wanaume walisikia kimya chake. Mkate ulimkwama Zena: hilo ni jambo lililotokea, kwenye ua wetu, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wanane. Ungewaapisha mmoja mmoja wangesema lile lile.

Lakini mimi nilikuwa na jambo jingine. Alfajiri ile Zena aliamka akala tende mbili na maji kwenye kitanda chetu, nami nikaamka, akaniambia, "Lala, nalipa siku yangu." Zena alikuwa amefunga. Kila mwanamke wa Kiislamu anajua zile siku za Ramadhani anazoziacha na kuzilipa baadaye, na kila mwanamume anajua, na hakuna anayezitaja. Ingekuwa Jumatatu au Alhamisi mtu angesema anafunga sunna. Jumanne ya Mfungo Saba hakuna wa kumdanganya. Msichana kusema "nimefunga" siku ile, mbele ya kaka yake mkubwa, mbele ya mwalimu, mbele ya mjomba wa mchumba, ni kama kuwatajia mambo ya mwili wake kwa saa na tarehe. Na mkate akiumeza amevunja saumu ya wajibu. Asipoumeza ni mwizi. Mdomo wake ulikuwa mkavu tangu alfajiri, na mle ndani ya shavu alikuwa na mambo matatu ya kuchagua, yote mabaya.

Mimi niliona moja tu, rahisi kama maji. Nikasimama.

"Hakuiba!" nikasema. "Amefunga! Analipa siku zake!"

Upande wa pili wa pazia Ami Athmani akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Mjomba wa mchumba akauliza habari ya kibla kipo upande gani, mtu aliyeswali mji ule maisha yake yote.

Bibi akamgeukia binti yake. "Zena. Umefunga?"

Zena akaniangalia. Sijaangaliwa hivyo tena na mtu yeyote, hata na marehemu mume wangu, ambaye alikuwa na sababu. Kisha akasema, na mkate ungali kinywani:

"Sikufunga. Nani afunge leo? Mtoto huyu mrongo."

Akameza. Nikauona mkate ukishuka shingoni kama mjusi chini ya mkeka. Bi Salama akamwambia fungua, akafungua. Inua ulimi, akainua.

"Amemeza?" akauliza Mwalimu Kombo.

"Amemeza," akasema Bi Salama, kwa shingo upande.

"Basi hawa wote hawana neno. Mwizi ni mtu wa nje."

Wakapeana mikono, Zena akapewa mkono wa heri, na mama akanigeukia akanipiga kofi moja la kusikika, kwa kumzulia shangazi yangu mbele za watu. Nikalia kwa hasira, si kwa maumivu. Nilikuwa nimesema jambo lilivyo nikaitwa mrongo, na mrongo amekwenda jikoni na harusi yake.

Nilimfuata huko jikoni. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hakuni kitu.

"Nilisema kweli," nikamwambia.

"Nani alikutuma?"

"Nilisema kweli! Umefunga!"

"Nilikuwa nimefunga. Sasa sikufunga, kwa ajili yako." Akanivuta mkono hata nikapiga magoti. "Sikiliza, kinywa wazi we. Wewe umesema jambo lililokuwako. Kweli ni kuwa mimi sikutwaa kitu cha mtu. Hiyo ndiyo niliyotaka waione. Nilikuwa natafuta namna ya kuumeza mkate, ningaliumeza, wewe ukawatupia jambo lako katikati. Wangenijadili mimi na siku zangu mpaka magharibi, na mrashi bado ungekuwa juu ya kitwa changu. Kwani aliyefunga haibi?"

Kwani aliyefunga haibi? Miaka sitini na sijapata jibu la swali lile la jikoni. Mimi nilidhani nimemwokoa. Saumu yake ilieleza kwa nini mkate ulikwama, na haikueleza zaidi ya hapo. Mtu anaweza kufunga na kuiba siku moja. Wapo, ninawajua kwa majina.

"Na tumbo lako litavimba," nikamwambia. "Umesema uongo na mkate u kinywani."

Hapo ndipo alipocheka, msichana yule, machozi yakimtoka. "Likivimba nitakwambia. Lakini usimwambie mtu hili la saumu, mpaka nife. Nikifa, sema utakavyo, maiti hana haya."

Siku ile akailipa tena wiki ya pili yake. Sikuamshwa daku.

Nami nikaanza kulilinda tumbo lake. Nililiangalia akifua, nililiangalia akilala, nililipima kwa macho kama fundi. Wiki, mwezi, hakuna kitu. Akaolewa, marashi yakanyunyizwa kwa mrashi wa kuazima wa watu wengine. Miezi mitano, hakuna kitu. Nikaanza kumdharau Mwalimu Kombo. Halafu siku moja nimetumwa nyumba ya pili kupeleka samaki, Zena akanifungulia mlango, nikaona. Lilikuwa limevimba. Sikusema salamu. Nikarudi mbio, nikasimama katikati ya ukumbi penye wageni, nikatangaza:

"Mkate umefika! Tumbo la shangazi limevimba, mji mzima utaliona!"

Kofi la pili, mama yule yule, mkono ule ule. Lakini safari hii wageni walicheka hata kahawa ikamwagika, na Bi Salama, aliyekuwa akingojea mjukuu kwa hamu, alicheka kuliko wote.

Hebu niambie, nilikosea wapi? Aliambiwa tumbo litavimba. Likavimba. Mji mzima uliliona. Ukiniandikia hayo matatu kwenye karatasi huwezi kufuta hata moja. Nimepangisha chumba changu cha juu kwa mwalimu wa shule kutoka bara, kijana mwenye adabu, na jioni namsikia akisahihisha madaftari kwenye ngazi. Siku moja akanisomea aliyoandika mtoto, kwamba ukweli ni mambo yaliyothibitishwa. Ameweka alama ya vema. Nikamwambia, "Mwalimu, mambo yaliyothibitishwa ni mawe. Mawe yale yale ya matumbawe yaliyojenga msikiti ndiyo yaliyojenga choo cha nyuma. Usiniambie una mawe. Niambie unajenga nini." Akasema, "Lakini, Bi, bila mawe hujengi chochote." Hapo alinipata kidogo, nikamwongeza chai. Ila sikumwambia habari ya nyumba ambazo nimekaa ndani yake tangu utoto na sikuona hata jiwe lililozishika.

Kwani mimi nimejuaje kuwa Zena hakuiba? Nilimjua. Aliwahi kuifumua kofia nzima, kazi ya miezi minne, kwa kuwa alikumbuka uzi wa mstari mmoja ulikuwa wa jirani na hakuuomba. Hilo nakupa bure, si ushahidi. Mtu aliyerudisha uzi anaweza kutwaa mrashi. Lakini nililala ubavuni mwake miaka sita, na mtu unayelala naye kitanda kimoja humjui kwa mambo yake mawili matatu. Unamjua kama unavyojua ngazi za nyumba yenu gizani, bila kuzihesabu.

Mrashi haujaonekana mpaka leo. Wiki ile ulipopotea Ami Athmani alisafiri kwenda Mombasa, akiwa na kisanduku cha mbao kilichofungwa kamba.

Umeona? Sasa hivi tu umeshamfunga. Nimekupa jambo moja, la kweli tupu, maana alisafiri na kisanduku kilikuwako, na wewe umekaa kwenye kiti cha Bi Salama unachungulia kinywa cha marehemu. Mimi sijui kilichokuwa ndani ya kisanduku. Huenda ni halua. Alikuwa akienda Mombasa kila mwezi, na kila safari na kisanduku kile, hilo nimelichelewesha makusudi ili ujione.

Zena alikufa mwaka uliopita, mzee, ana wajukuu wa wajukuu. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tumekaa wanawake chumbani kwake, mikeka imejaa, kahawa inapita. Karibu yangu alikaa mwenzangu wa rika, nitamwita Rehema, ambaye siku ya mkate alikuwa kwao Pate na hakuona hata chembe. Alikuwa akizungumza na msichana mmoja muuguzi, mke wa mjukuu wa Zena, aliyeolewa pale juzi juzi.

"Mtu mwema alikuwa, Mungu amrehemu," akasema Rehema. "Ila ule mkate tu."

"Mkate gani, Bi?"

"Hukuambiwa? Alipokuwa mwari kilipotea kitu nyumbani kwao, wakalishwa mkate wa kiapo. Ukamkwama."

"Kwa hivyo aliiba?"

"Astaghafiru, mimi nimesema kaiba? Nasema ulimkwama. Si maneno yangu. Muulize huyo, alikuwako."

Chumba kizima kikanigeukia, binti zake, wakwe zake, na huyo msichana mwenye macho mazuri ya kutaka kujua. Nami nilikuwa na jiwe langu mkononi. Zena alikuwa ameshanipa ruhusa. Ningeweza kusema saumu, kusema Jumanne, kusema tende mbili. Nikawatazama wale wanawake, nikajua litakalofuata: wangeuliza kwa nini basi alikana, wangepata uongo wake kinywani mwake juu ya mkate wa kisomo, na kesho Rehema angekuwa na mambo mawili ya kuhadithia badala ya moja, yote ya kweli. Wewe nimekusimulia kwa kuwa humjui, na huwezi kumfanya lolote. Wao walikuwa wamekaa juu ya mkeka wake.

"Ni kweli, Bi?" akaniuliza yule msichana. "Mkate ulimkwama?"

"Ulimkwama," nikasema.

Rehema akainua kikombe chake, ametulia.

"Na hakuiba," nikasema.

"Umejuaje?" akauliza Rehema.

"Nilimjua."

"Tunamjua sote. Ushahidi una upi?"

"Sina."

"Basi ni maneno yako tu hayo."

"Ni maneno yangu," nikamwambia. "Hakuiba. Ukitaka yaokote, ukitaka yapige teke, yatakuwa yale yale."

Nikaegemea bega la msichana yule nikasimama, magoti yakalia kama bawaba. Nikatwaa buibui langu. Mmoja akasema keti, Bi, kahawa haijakufikia. Nikamwambia kahawa ninayo kwangu. Nikatoka, nikawafungia mlango.